Wazo Hili ni la Nani? Majibu kwa Madai Sita

Katika mkutano wa wakulima kwenye kituo kimoja cha kununulia majani chai, upande wa Konoin katika kaunti ya Bomet, katibu alisimama kusoma taarifa ya mwaka. Alipofika ukurasa wa pili alisoma hivi: "Utaratibu mpya wa foleni ulibuniwa, na malalamiko yamepungua." Watu wakapiga makofi. Mbele yangu aliketi mama mmoja, jirani yangu. Miezi minane kabla ya hapo nilikuwa nimesimama karibu naye kwenye mizani, mvua ikinyesha, aliposema kwamba majani ya wazee na ya akina mama wenye watoto mgongoni yapimwe kwanza, na wengine wote wapewe namba kulingana na saa ya kufika. Karani aliipenda rai hiyo, na kesho yake akaanza kuandika namba kwa chaki. Sasa mama yule alikuwa akipiga makofi pamoja na wengine. Kisha akajifunga leso upya, akatazama chini.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na sentensi ile ilinikwama kooni. Sarufi yake haikuwa na kosa. Kitenzi chake ni miongoni mwa vitenzi vyenye heshima kubwa katika lugha yetu, ila kilisimama peke yake, bila mtu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza walimu wenzangu, makarani, vijana wa bodaboda na wazee wa kanisa swali moja: katika mazungumzo ya kila siku, tunamtajaje mtu aliyewaza jambo kabla ya wengine? Majibu yalijirudia mpaka nikaweza kuyapanga yakawa madai sita. Nayajibu moja baada ya jingine, kwa sababu madai haya yakiachwa bila jibu, watu kama jirani yangu wataendelea kuyapigia makofi mawazo yao wenyewe bila kutajwa.

Dai la kwanza: "Kiswahili hakina neno la jambo hili."

Wanaosema hivi huwa wameshika neno la Kiingereza mkononi, "brainchild", kisha wanalitafutia pacha. Wasipompata, hulitafsiri kipande kwa kipande, na matokeo yake ni "mtoto wa ubongo". Nimelikuta katika insha za wanafunzi: "Kiwanda hiki ni mtoto wa ubongo wa mwenyekiti." Msomaji wa Kiswahili akiona sentensi hiyo huwaza hospitali kabla ya kuwaza busara ya mwenyekiti.

Ukweli ni kwamba Kiswahili hakikulifungia jambo hili ndani ya nomino moja. Kililigawia vitenzi, na kila kitenzi kikapewa hatua yake. Wazo humjia mtu. Mtu hulitoa mbele ya wenzake. Hubuni njia ya kulitekeleza. Huanzisha kazi yenyewe. Kazi ikidumu na kuwa taasisi, tunamwita mwasisi. Sikiliza sentensi hizi, ambazo kila mtu huku kwetu anaweza kuzitamka bila kujikaza:

"Wazo hilo lilimjia akichuma chai."

"Alilitoa kwenye kikao cha chama Jumapili, baada ya ibada."

"Yeye ndiye aliyebuni ratiba hii ya zamu."

"Shule yetu iliasisiwa na wazee watatu wa kijiji."

Nani atasema lugha yenye sentensi hizo ni maskini? Tena tuna kifungu kingine kifupi ambacho hatukithamini inavyostahili: wazo lake mwenyewe. Neno "mwenyewe" lina nyuso mbili. Ukisema "amepika mwenyewe", unamaanisha hakusaidiwa. Ukiuliza "shamba hili mwenyewe ni nani?", unamtafuta mwenye mali. Kwa hiyo "wazo lake mwenyewe" husema mambo mawili kwa pumzi moja: limetoka katika kichwa chake, na ni lake.

Hapo hapo niseme neno kuhusu "alikuja na wazo", msemo uliotapakaa redioni na mikutanini. Ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Katika Kiswahili mtu haji na wazo. Wazo ndilo linalomjia. Mwendo wa sentensi umegeuzwa, na pamoja nao umegeuzwa unyenyekevu uliokuwa umejengwa ndani ya lugha. Anayesema "lilinijia" anakiri kwamba alipewa kitu kabla ya kukifanyia kazi. Akisema "nikakibuni", hapo anadai jasho lake. Lugha yetu inamruhusu kusema yote mawili, kila moja mahali pake.

Dai la pili: "Kubuni, kuvumbua na kugundua ni mamoja."

Ni kweli kwamba maneno haya huchanganywa, na kamusi zenyewe huliruhusu neno kuvumbua lichukue maana pana. Lakini ukichunguza kazi ya kila moja utaona yanatofautiana, na tofauti hiyo ina faida.

Kugundua ni kutambua kilichokuwapo bila wewe kujua. Daktari hugundua ugonjwa. Karani hugundua kwamba mizani haisemi kweli. Kuvumbua ni kinyume cha kuvumbika. Anayevumbika ndizi huzifukia ili ziive, naye anayevumbua hukitoa nje kilichokuwa kimefichika. Kubuni, kwa mzizi wake wa Kiarabu, ni jamaa wa kujenga. Mbunifu hukijenga kitu ambacho hakikuwapo hata mafichoni.

Tazama mifano miwili inayotuhusu sisi tunaoishi kwa jani hili. Majani mengi ya Kericho na Bomet husindikwa kwa njia inayojulikana kwa herufi tatu tu, CTC: rola zenye meno hulisaga jani, hulirarua na kulikunja likawa chembe ndogo zinazotoa rangi haraka kikombeni. Mashine hiyo ilibuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kitenzi "kubuni" kinamfaa kabisa, kwa maana hapakuwa na rola zilizofichwa porini zikingoja mtu azione. Kila siku maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vyetu hutamka herufi zile tatu, na wachache sana wamewahi kusikia jina la aliyeijenga mashine.

Mfano wa pili ulitoka hapa hapa. Watafiti wa chai wamekuwa Kericho tangu mwaka 1951, ilipoanzishwa taasisi ya utafiti wa chai ya Afrika Mashariki. Baadaye ikawa wakfu wa Kenya, kisha ikawekwa chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo. Mwaka 2011 walitoa kwa wakulima aina ya chai ya zambarau inayoitwa TRFK 306, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 20. Rangi ile hutokana na anthosianini, kemikali ile ile inayozipa zabibu nyeusi rangi yake. Je, watafiti waliibuni chai hiyo? Kemikali hawakuibuni, ilikuwamo ndani ya mmea wenye asili ya Assam. Waligundua sifa hiyo, wakateua miche, wakaijaribu msimu baada ya msimu, wakazalisha aina mpya. Kwa hiyo sentensi ya haki ni "walizalisha aina mpya ya chai". Kusema hivyo hakuwapunguzii sifa. Anayejua kazi ya kuteua mche mmoja kati ya mingi kwa miaka 20 ataona kwamba "walizalisha" ni neno zito.

Baadhi ya watu huogopa kitenzi kubuni kwa sababu nyingine: wanasema kinanuka uongo. "Alibuni kisa cha kuibiwa," tunasema juu ya mtu aliyekula pesa za chama. Ni kweli. Lakini ni kisa kilichobuniwa, si kitenzi, kilichotenda kosa. Mwandishi wa riwaya naye hubuni wahusika, na fundi hubuni kifaa, na wote watatu wameleta kitu ambacho hakikuwapo. Sentensi inayofuata ndiyo itakayotuambia kama walituletea mali au hasara. Ukiona wasiwasi, ongeza mtendwa: "alibuni njia", "alibuni kifaa", "alibuni mtindo wa kupogoa". Hakuna atakayefikiri umemwita mwongo.

Na kwa kuwa tuko Kericho na Bomet, tahadhari ndogo kwa wanafunzi. Mkulima wa Kipkelion akisikia "buni" huwaza kahawa, na mti wake ni mbuni. Yule ndege mkubwa asiyeruka naye ni mbuni. Kwa mtu anayebuni, neno "mbunifu" ni salama zaidi.

Dai la tatu: "Neno sahihi ni 'wazo asilia'."

Dai hili hutoka kwa watu waliosoma vizuri, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Wao husema: jambo la mwanzo ni la asili, basi wazo la kwanza la mtu ni wazo asilia. Lakini masikio ya Waswahili hayaendi huko. Mbegu asilia ni ile tuliyoachiwa na mababu, kabla ya mbegu za madukani. Dawa asilia ni ya mizizi na magome. Wimbo wa asili ni wa ngoma za kwetu. Na tunapomwonya kijana kwamba mwacha asili ni mtumwa, hatumwambii abuni jambo jipya. Tunamwambia arudi alikotoka.

Kwa hiyo ukisema "wazo asilia la fulani", nusu ya wasikilizaji wataelewa kinyume cha ulichokusudia. Watadhani ni wazo alilorithi, na hali ulitaka kusema ameliwaza yeye. Maneno mawili yametengana kama shina na chipukizi. Asili ni shina. Kubuni ni chipukizi.

Katika nchi ya chai tofauti hii tunaiona kwa macho. Chai yenyewe si mmea asilia hapa. Mwaka 1903 mbegu kutoka India zilipandwa Limuru na walowezi wa ukoo wa Caine, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaanza kuipanda Kericho, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wakichungia ng'ombe. Hivyo "chai ya asili ya Kericho" ni maneno yenye mwiba ndani yake, kwani yanafuta asili iliyotangulia.

Kilicho asilia kwetu ni mursik: maziwa yanayoachwa yagande ndani ya sotet, kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Hakuna mtu anayeweza kusimama Bomet akasema "mursik niliibuni mimi". Ni maarifa ya jamii, yaliyopita mikononi mwa akina kogo, yaani nyanya zetu, wengi. Sheria za nchi zinaitambua tofauti hiyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka taifa likuze haki miliki za watu wa Kenya, na papo hapo inataka jamii zilipwe zinapotumiwa tamaduni zao. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria mahsusi ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Yaani cha jamii kina ulinzi wake, na cha mtu mmoja kina ulinzi wake. Tukiviita vyote "asilia", siku moja mtu mwenye kampuni atasema mursik ni wazo lake, na mwingine atasema kifaa cha mtoto wako ni mali ya kabila zima. Wote wawili watakuwa wameibia watu kwa msaada wa neno letu.

Dai la nne: "Kutaja jina ni majivuno. 'Ulibuniwa' yatosha."

Hili ni dai la wazee wetu, nami nalijibu kwa adabu. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, kazi ni ya wote, basi jina la nini?

Nakubali kwamba kujitaja mwenyewe kwaweza kuwa majivuno. Lakini kutajwa na wengine si majivuno, ni shukrani. Mama yule wa kituoni hakuomba kusifiwa. Sisi tulionufaika na namba zake ndio tuliokuwa na deni.

Tena tuangalie kitenzi chenyewe. Kiswahili kikigeuza kitenzi kuwa cha kutendwa, humwekea mtendaji kiti: ulibuniwa na. Kiambishi -wa kinafungua mlango, na "na" inamkaribisha mtu aingie. Ukiishia kwenye "ulibuniwa" umefungua mlango na hakuna aliyeingia. Mara nyingine hakuna tatizo, maana mtendaji hajulikani. Lakini taarifa nyingi za vyama, shule na makanisa huishia hapo hata pale ambapo mtendaji anajulikana, na ameketi safu ya tatu. Nikipitia taarifa kama hizo nimeona jambo jingine: mwenye cheo hupewa "na" yake kila mara. "Ukumbi ulifunguliwa na mheshimiwa." Asiye na cheo ndiye anayebaki mlangoni. Basi ukimya wa jina hauwapati watu wote sawasawa, na dai la kwamba ni unyenyekevu linaanguka hapo.

Na sisi wa Kericho na Bomet tuna sababu yetu wenyewe ya kulikataa. Mtoto wa Kikipsigis hupewa jina la saa aliyofika duniani. Kipkoech alizaliwa kukipambazuka. Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani. Kiprop alikuja na mvua. Jamii inayohifadhi saa ya kuzaliwa kwa kila mtoto ndani ya jina lake haiwezi kusema kwamba kukumbuka mwanzo wa jambo ni kazi ngeni.

Dai la tano: "Kila wazo lina mwenyewe mmoja tu."

Hapa wapo walionielewa vibaya. Niliposema tutaje majina, walikimbilia ncha ya pili: tafuta mtu mmoja, mpe kila kitu. Hilo nalo ni dhuluma, na mfano mkubwa tunautamka kila siku.

Neno Kalenjin, ambalo leo ni jina la mamilioni ya watu, halikuwapo kama jina la watu miaka mia moja iliyopita. Maana yake ni "nakwambia". Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mtangazaji wa redio John Chemallan aliwaita wasikilizaji wake kwa maneno ya mzizi huo huo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 wanafunzi wa Shule ya Alliance waliotoka katika jamii zinazosikilizana lugha walikifanya kitamkwa hicho kuwa jina la kundi lao. Mmoja wao alikuwa Taaitta Toweett, ambaye baadaye alikuwa mbunge, waziri na mwanaisimu. Halafu vyama na magazeti yakalichukua. Nani basi alibuni jina Kalenjin? Sentensi ya haki haiwezi kuwa fupi: Chemallan alilizoesha masikioni, wanafunzi wakalifanya jina, wananchi wakalikubali. Vitenzi vitatu, watu wa aina tatu.

Chukua pia chai ya wakulima wadogo, ambayo leo hujaza viwanda vya Litein, Kapkatet, Mogogosiek na vinginevyo. Katika vitabu vya shule huambiwa ni wazo la Roger Swynnerton, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, kwa mpango wake wa mwaka 1954. Ni kweli kwamba aliuandika mpango huo. Lakini Waafrika walikuwa wamedai kwa miaka mingi waruhusiwe kulima mazao ya biashara yaliyotengewa walowezi. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964 ikazaliwa KTDA, mamlaka ya maendeleo ya chai. Kwa hiyo wakulima walidai, Swynnerton aliandika, serikali iliunda, na wakulima wakapanda, wakapalilia, wakachuma. Ukisema tu "lilikuwa wazo la Swynnerton", umefuta madai ya watu waliokuwa wamenyimwa ruhusa.

Vivyo hivyo na mashamba ya chai ya Nyayo yanayozunguka kingo za misitu ili kuzuia watu wasiingie. Agizo la mwaka 1986 lilitoka kwa Rais Daniel arap Moi, na hilo halina ubishi. Lakini kuagiza na kubuni ni vitenzi viwili. Huenda mtu mmoja akatenda vyote viwili, huenda asitende. Anayetaka kusema "alibuni" awe na ushahidi wa kubuni, asitumie ushahidi wa kuagiza.

Dai la sita: "Wazo lililozaliwa kazini ni la mwajiri, basi mfanyakazi hana la kutajiwa."

Shemeji yangu alikuwa fundi katika kiwanda cha chai ambacho sitakitaja. Majani yakifika usiku kutoka njia mbalimbali yalikuwa yakichanganyika kwenye vitanda vya kunyaushia, yaliyotangulia yakakawia na yaliyochelewa yakatangulia. Yeye akaanza kufunga vitambaa vya rangi kwenye kila kitanda, rangi moja kwa kila saa. Baada ya mwezi mmoja vitambaa vilikuwa kila mahali. Mgeni alipokuja kukagua, msimamizi alieleza kwamba "sisi tulibuni mfumo wa rangi". Shemeji alikuwa amesimama hapo na spana mkononi. Jioni alituambia kwa sauti ya chini: "Ile 'sisi' ilikuwa kubwa mno, mimi sikuonekana ndani yake."

Dai hili huchanganya mambo mawili, faida na sifa. Kuhusu faida, dai lina ukweli nusu. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, mtu akivumbua kitu katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, kwa kawaida haki ya hataza huenda kwa mwajiri wake, kama mkataba haukusema vingine. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba uvumbuzi ukiwa na thamani ya kipekee, mvumbuzi anastahili malipo ya haki. Kuhusu sifa, haikuacha shaka: jina la mvumbuzi huandikwa kwenye hataza, isipokuwa yeye mwenyewe akatae kwa maandishi. Yaani hata pale mali inapokwenda kwa mwajiri, jina hubaki kwa mtu.

Ni kweli pia kwamba wazo tupu, likiwa bado kichwani au limesemwa tu mdomoni, halilindwi na hakimiliki. Sheria hulinda kazi iliyokwisha kuandikwa, kuchorwa au kurekodiwa. Vitambaa vya shemeji havingempa hataza, nami sidai hivyo. Lakini sheria isipokulazimisha kumlipa mtu, haijakukataza kumtaja. Heshima ina mipaka mipana kuliko mahakama.

Na mara nyingine hata mahakama hufika. Wengi wetu tumewahi kutuma ule ujumbe wa bure wa kumwomba mtu akupigie simu. Nchini Afrika Kusini, Nkosana Makate alikuwa mhasibu mwanafunzi katika kampuni ya Vodacom mwaka 2000 alipolitoa wazo la huduma hiyo kwa wakubwa wake, kwa makubaliano kwamba kiwango cha malipo kitajadiliwa. Huduma ikapata faida kubwa, naye hakulipwa. Mkuu wa zamani wa kampuni hiyo akaandika kitabu na kujitaja yeye kuwa ndiye mwenye wazo. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kampuni ilifungwa na makubaliano yake na Makate. Mahakama haikusema kila wazo ni mali. Ilisema ahadi aliyopewa mwenye wazo ni ahadi. Kilichomwokoa Makate ni kwamba aliliandika wazo lake na kulipeleka mapema, na walikuwapo watu wa kuthibitisha lilikotoka. Msimamizi wa shemeji yangu angesema tu, "Fundi wetu huyu ndiye aliyebuni, sisi tuliufuata mfumo wake," asingepoteza shilingi.

Basi tuseme vipi?

Nimewapa wanafunzi wangu kanuni fupi, na naitoa hapa kwa yeyote anayeandika kumbukumbu za kikao, taarifa ya chama au hotuba ya harusi. Kabla hujachagua kitenzi, jiulize huyu mtu alifanya nini hasa. Kama alikuwa wa kwanza kulisema, andika "alitoa wazo". Kama alilitengenezea njia, andika "alibuni". Kama alikitambua kilichokuwapo, "aligundua". Kama alikianza kikasimama, "alianzisha", na kikidumu, "aliasisi". Kama alilipokea kwa wazazi wake, "alirithi", na usione haya, kwa kuwa kurithi vizuri ni kazi. Kama alitoa amri au pesa tu, andika hivyo hivyo: "aliagiza", "aligharamia". Ukimaliza, angalia kama kitenzi chako kina -wa bila "na". Kama ndivyo, na unamjua mtu, mwite aingie.

Wiki mbili baada ya mkutano ule nilimwendea katibu nyumbani kwake. Ni mtu mwema na mwandishi makini. Hakuwa na nia ya kumficha yeyote. Nilimweleza nilichokisikia kwenye mizani siku ile ya mvua. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali lililonifanya niandike makala hii: "Mwalimu, nikimwandika yeye, karani je? Na kamati iliyoipitisha? Si wote watakuja kulalamika?"

Nikamwambia awaandike wote, kila mmoja na kitenzi chake.

Akakileta kitabu cha kumbukumbu. Mstari wa zamani ulikuwa mfupi, na pembeni palikuwa na nafasi. Kwanza alimtuma mtoto kwa jirani yangu kumwuliza kama ataridhia jina lake liandikwe. Jibu lilirudi kwamba kitabuni ni sawa, ila gazetini hataki, na ndiyo sababu nimemwacha bila jina kuanzia mwanzo hadi hapa. Katibu akaandika kwa kalamu ya buluu, herufi ndogo zilizonyooka. Sasa kumbukumbu zinasomeka kwamba utaratibu wa foleni ulibuniwa na mama yule, kwa jina lake na la baba yake, ukajaribiwa na karani, ukapitishwa na wanachama wote.